Wino Mwekundu wa Kwaresima

"Hicho kitaruka ukikifua mara moja tu. Utawavalisha wanakwaya wako magauni ya watoto."

Isidori aligeuka, kitambaa cheupe mkononi. Duka la Mama Shobhana, pale Mchafukoge, lilikuwa limejaa watu Ijumaa ile ya kabla ya Majilio, na aliyesema alikuwa dada mwembamba mwenye gauni la kitenge cha njano na nywele za mabutu, kabana mfuko wa nguo kwapani.

"Dada ni fundi cherehani?"

"Mfumaji. Miaka sita nimesimama kwenye mashine."

"Kiwanda gani?"

"Kilichofungwa. Kaka, hukusikia? Nchi imefunguliwa, viwanda vikafungwa."

Akacheka. Kile kicheko kilipanda juu, kikakaa huko bila kutetemeka. Isidori, karani wa reli mchana na mwalimu wa kwaya jioni kwenye kigango cha Gerezani, akasahau kitambaa.

"Unaimba wapi?"

"Kwenye beseni la kufulia."

"Hiyo ni sauti ya kwanza, dada. Njoo Jumanne."

Candida, ndilo lililokuwa jina lake, akaja Jumanne. Akaja na Jumanne zote za Majilio, na kufikia Noeli kwaya nzima ilijua kwamba wanapendana, maana mwalimu mkali alikuwa akikosea kuhesabu mapigo kila dada yule alipofungua kinywa.

Ukali wa Isidori ulikuwa kwenye ratiba. Aliichora kwa rula kwenye karatasi ya manila, kutoka Majilio hadi Pentekoste: tarehe, wimbo, anayeongoza, rangi ya vazi. Chini aliandika sheria: atakayekosa mazoezi mara tatu bila taarifa, atakatwa. Kalamu ya kukatia ilikuwa nyekundu, na kukatwa kulisomwa mbele ya wote. Padre aliisifu ratiba ile. Kila mtu aliisifu.

Candida alipanga chumba uani kwa Mama Shobhana, kwa hiyo Isidori alimpigia simu ya duka akiwa ofisini.

"Nani mwenzangu?"

"Karani wako wa reli."

"Mh! Reli yenyewe garimoshi linachelewa siku mbili."

"Mimi sichelewi, mpenzi. Sikia: Pasaka utaanzisha Aleluya. Peke yako."

Kwaresima yote, siku arobaini, neno lile haliimbwi kanisani. Anayelirudisha asubuhi ya Pasaka hukumbukwa mwaka mzima.

"Peke yangu? Nikianguka je?"

"Nitakudaka. Sauti hiyo ndiyo iliyonimaliza, Candi."

"Sauti tu?"

"Na mwenye nayo!" Akacheka, macho yakiwa yamekwisha kurudi kwenye ratiba.

Alijua kwamba Candida anafanya biashara ya nguo. Biashara gani, wapi, hakuuliza. Ratiba haikuwa na safu ya jambo hilo.

Kwaresima ikaingia. Jumanne ya kwanza Candida hakutokea. Ya pili hakutokea. Isidori akapiga simu.

"Yupo hapa mbele yangu, mwalimu," alisema Mama Shobhana.

"Mpe basi, mama."

"Nampa, anatikisa kichwa. Hataki simu."

"Hataki simu au hanitaki mimi?"

"Mwalimu, mimi nauza vitambaa. Njoo umwulize mwenyewe."

Hakwenda. Akajitungia mwanamume mwenye gari, mwenye nyumba Upanga, akamchukia kwa moyo wote mtu asiyekuwepo. Jumanne ya tatu akachomoa kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina, akasoma kwa sauti: "Candida. Amekatwa."

Mama Theopista wa sauti ya pili akasimama. "Mwalimu, umekwenda kumwona?"

"Ratiba haina upendeleo, mama."

"Haina macho pia."

Jumamosi iliyofuata alikwenda Mtaa wa Kongo kutafuta kitambaa cha zambarau. Na hapa nawaomba msiharakishe. Mtaa ule mwaka tisini na nne haukuwa soko, ulikuwa orodha ya waliopunguzwa kazi: makarani, makuli wa bandari, wafumaji, wamepanga mitumba chini na kupaza sauti kwa pamoja, kila mmoja akitaka kumzidi jirani yake. Walioitwa jana wajenzi wa taifa, leo wanauza nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine.

Katikati ya makelele akasikia sauti kama bati linaloburutwa: "Chagua, dada… chagua…" Akageuka acheke. Candida alikuwa amesimama juu ya belo la mitumba, gauni la njano limepauka mabegani, kajifunga kanga shingoni katika jua la saa saba.

"Candi! Sauti yako—"

"Imekwenda," alinong'ona. "Tangu wiki ya Majivu. Daktari kasema ninyamaze miezi mitatu. Nikamwuliza, na tumbo nilinyamazishe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipenda sauti. Ningekuletea nini?"

"Lakini nilipiga simu!"

"Mtu asiye na sauti anaongeaje na simu, mwalimu?" Alimeza mate kama anameza mwiba. "Kutoka Gerezani hadi hapa ni mwendo wa dakika ngapi?"

Isidori akatazama viatu vyake. "Kumi."

"Dakika kumi. Lakini kalamu uliiona haraka. Mama Theopista kaniambia. Mbele ya watu, Isidori."

Waliofunga kile kiwanda nao walikuwa na ratiba nzuri, imepigwa rula, imesifiwa. Nao walipiga mistari juu ya majina, wakarudi majumbani kula. Isidori aliwalaani watu wale miaka yote. Siku ile, katikati ya Kongo, alijua kwamba wamefanana naye mwandiko.

Hakuomba msamaha. Alivua koti la ukarani, akalitundika kwenye mwamvuli wa jirani, akapanda juu ya belo.

"Shuka," Candida alinong'ona. "Utajiaibisha."

"Chaguaaa! Mama, chagua! Belo jipya, halijachokonolewa!"

"He!" jirani mmoja anayesali Gerezani akapasuka kwa kicheko. "Mwalimu wa kwaya anauza sidiria na Kwaresima hii!"

Candida akacheka. Mabega yalitikisika, sauti haikutoka. Isidori akageuka upande wa pili, akazidi kupayuka.

Alikuja kila jioni isiyo ya mazoezi na kila Jumamosi, hadi Pasaka. Asubuhi ya Pasaka alisimama mbele ya kwaya, akafungua kinywa kutoa noti, na kilichotoka ni hewa. Mama Theopista akaidaka Aleluya kwa sauti yake nzito, akaianzisha chini mno, ikapanda ikichechemea hadi darini. Candida alikuwa amerudishwa mahali pake, sauti ya kwanza, kwenye joho jeupe, midomo imefungwa, machozi yakishuka shingoni bila kufutwa.

Baada ya misa walisimama nyuma ya kanisa.

"Madaktari walinitazama tena Alhamisi," alisema kwa ile sauti ya bati. "Ya kuongea itabaki. Ya kuimba, basi."

Isidori akakunjua manila. Mbele ya kila jina alikuwa ameongeza safu kwa penseli: *Nani amemwona?*

"Hii nataka uishike wewe," alinong'ona. "Na mimi pia unishike. Nioe, Candi… nikuoe. Vyovyote."

"Unaoa kinanda kilichopasuka."

"Unasikia mwenyewe ninavyokoroma."

Candida akaitazama ratiba. Mstari mwekundu bado ulikuwa juu ya jina lake. Wino ule haufutiki.

"Pentekoste tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili Mei."

"Jumamosi ya kabla yake iko wazi?"

Isidori akachomoa penseli. Candida akamzuia.

"Si hiyo. Ulinikata kwa wino, mbele ya watu. Lete ile nyekundu, na umwite Mama Theopista aje aone ukiandika."