Ukurasa wa Wenyeji

Wavinya alikaa nje ya jikoni, daftari magotini, kikokotoo mkononi. Maharagwe yalikuwa yanakauka maji jikoni, lakini yeye hakuwa na habari.

"Elfu mbili mia tisa na arobaini," alisema.

Mumewe, Kitonga, alikuwa akinoa jembe. Alicheka. "Mama Ndanu, asubuhi ulisema elfu tatu na kumi. Hayo matuta yanatembea?"

"Usinicheke. Niko na vijiji tisa hapa, na kila kijiji kina kurasa zake."

"Maharagwe nayo yanaungua."

Wavinya aliruka.

Yeye alikuwa katibu wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja. Huko kwao, upande wa Masii, watu wa vijiji tisa walisaidiana kuchimba matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia mvua isibebe udongo. Wiki hii wote walichimba katika kijiji kimoja, wiki ijayo kingine. Matuta ya kila shamba yalipimwa kwa mita, na Wavinya akaandika. Mwisho wa msimu, Bwana Laban, afisa wa kilimo, alileta miche ya maembe. Kila mita tano zilipata mche mmoja.

Msimu uliopita Wavinya alikosea. Mita za kijiji cha Kavete hazikuingia katika jumla. Miche ikaja pungufu, na watu wa Kavete wakabaki mikono mitupu. Mama mmoja wa huko, Nthambi, alisimama mbele ya wote akauliza, "Sisi tulichimba hewa?" Tangu siku hiyo hakumpa Wavinya mkono.

Sasa mkutano wa kusoma hesabu ulikuwa Jumamosi. Tena ulikuwa Kavete.

"Nikiwaruka mara ya pili," Wavinya alimwambia Kitonga, "watasema nawachukia. Nami nitakuwa sina la kujibu."

Kitonga aliweka jembe chini. Hakutania tena. "Nenda kwa Habiba," alisema. "Yule haogopi namba."

Habiba alikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko la Masii. Alimsikiliza Wavinya mpaka mwisho, kisha akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Dadangu, shida si wewe. Unajumlisha mashamba mia moja na zaidi kwa kidole. Kidole huchoka. Keti hapa."

Alifungua lahajedwali, ile programu yenye mistari na visanduku kama daftari la mahudhurio. Chini ya skrini alionyesha vichupo vidogo.

"Hizi ni kurasa. Kila kijiji kipe ukurasa wake. Jina la mwenye shamba safu ya A, mita safu ya B. Jumla ya kijiji iweke juu, kisanduku B2, kila ukurasa hapo hapo; kompyuta itaijumlisha yenyewe kutoka mita za chini yake."

"Kwa nini juu? Mimi huweka chini."

"Kijiji kimoja kina mashamba tisa, kingine ishirini. Ukiweka chini, jumla zitakaa mahali tofauti, na kompyuta haitazipata. Na ukiandika mita, andika namba tu. Ukiandika 'mita arobaini' kwa maneno, hiyo haihesabiki."

Wavinya aliandika siku mbili. Mwanzoni alitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano. Siku ya pili Habiba alikuwa akihudumia wateja wengine, akimchungulia tu begani.

Kurasa zilipokwisha, Habiba alimwongezea tatu. Wa kwanza kabisa aliuita Jumla. Uliofuata aliuita Mwanzo. Mwingine aliuita Mwisho. Mwanzo na Mwisho aliziacha tupu.

"Hizi mbili ni kama nguzo za lango," alisema. "Kila kijiji kilicho katikati yake kitahesabiwa. Haya, panga vijiji vyako, kisha kwenye ukurasa wa Jumla andika hivi."

Wavinya alipanga. Kisha akaandika polepole:

=SUM(Mwanzo:Mwisho!B2)

Akabonyeza. Namba ikatokea mara moja: 2640.

"Aiya! Basi tu?"

"Basi tu."

Lakini Wavinya hakutabasamu. Aliitazama ile namba. Mgongo wake ulikuwa unakumbuka kazi ya msimu mzima.

"Habiba, hii ni ndogo. Nilichimba huko mimi mwenyewe."

"Kompyuta haikosei kujumlisha. Inajumlisha ulichoipa. Pitia kurasa zako, moja moja."

Wavinya alipitia. Vijiji vinane vilikuwa katikati ya nguzo. Cha tisa kilikaa peke yake, baada ya Mwisho. Kilikuwa Kavete.

Alishika mdomo.

"Nimekiweka huko mimi mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye mwethya, wenyeji huwapakulia wageni kwanza. Wao hula mwisho. Hata kwenye daftari, kijiji kitakachotupokea huwa nakiandika mwisho, baada ya wote. Msimu uliopita pia ilikuwa Kavete. Niliwaandika kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, na nilipojumlisha sikuufunua."

"Kumbe uliwaruka kwa heshima," Habiba alisema taratibu.

Wavinya alifuta macho kwa kitenge. Kisha akashika kichupo cha Kavete, akakivuta hadi ndani ya lango. Namba ikageuka mbele ya macho yake: 3025.

"Sasa hiyo mgongo wangu unaikubali," alisema, wakacheka wote wawili. Habiba alimwekea faili hilo kwenye simu.

Jumamosi, uwanja wa Kavete ulijaa. Wavinya alisimama, akamgeukia Nthambi kwa heshima, kama binti anayemwita mamake.

"Kabla ya hesabu, mwaitu Nthambi, naomba nikuambie kilichotokea."

Alieleza yote mbele ya watu, bila kujificha. Kisha akasoma: mita elfu tatu na ishirini na tano, miche mia sita na mitano. Kavete, mita mia tatu themanini na tano, miche sabini na saba.

Nthambi aliinuka.

"Na zile mita kumi na tano tulizomaliza leo asubuhi? Hizo nazo zitangoja msimu ujao?"

"La, mwaitu. Njoo uone."

Wavinya alifungua ukurasa wa Kavete kwenye simu, akaandika 15. Hakushika kikokotoo. Alifungua Jumla, akamwonyesha. 3040.

"Imejiongeza yenyewe?"

"Yenyewe. Miche mia sita na minane."

"Naandika mia sita na minane," Bwana Laban alisema.

Nthambi aliitazama simu, akamtazama Wavinya. Kisha akanyoosha mkono, wakasalimiana.

Chakula kikaja, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na mboga. Wageni walipakuliwa. Bwana Laban alipata, Kitonga akapata, watu wa vijiji vinane wakapata. Wavinya alisubiri sahani yake. Haikuja.

"Mwaitu, mimi mmenisahau?"

"Hatukusahau, katibu," Nthambi alisema, akimvuta kuelekea jikoni. "Wewe hapa si mgeni tena. Utakula mwisho, na sisi wenyeji."