Doa Katikati ya Ubao

Uvumi ulinikuta kwenye cherehani, ukang'ang'ania kichwani kama mbu: mtoto wa muuza mkaa haoni ubao tangu Jumatatu, na binti yangu ndiye anayecheka. Nikasema moyoni, amekoma. Mungu anisamehe.

Nilikuwa na sababu. Mtoto huyo darasani wanamwita Kasuku, kwa kurudia maneno ya wenzake. Binti yangu alikuwa ametengeneza boksi la maonyesho ya sayansi: balbu ndani, tundu mbele, na shanga niliyompa ikining'inia kwa uzi. Shanga ikipita mbele ya balbu, mwanga wa tunduni unapungua kidogo. Ndivyo wataalamu wanavyogundua sayari za nyota za mbali wasizoweza kuziona. Kasuku akaiga boksi lile, akawahi mbele, akapewa zawadi. Binti yangu alipofuata, akazomewa kuwa ndiye mwigaji.

Alirudi nyumbani analia. Nikakata uzi kwa meno, nikamwambia, "Futa machozi. Mtafutie siku yake."

Kwa ajili ya uvumi ule nilishona pindo mara mbili, mara zote kombo. Binti alipotoka shule nikambana. Akakiri kwamba alimwambia Kasuku kuwa wiki hii sayari ya Zuhura inapita mbele ya jua, na akikaza macho saa sita ataiona kama shanga nyeusi.

"Ulijua si kweli?"

"Nilijua, mama. Mwalimu alisema haitapita tena mpaka tuwe tumekufa sote."

"Sasa mbona ulimwambia?"

"Si ulisema nimtafutie siku yake?"

Nikamshika mkono tukaenda kwa muuza mkaa.

Muuza mkaa, mama yake Kasuku, alisimama mlangoni, mikono myeusi. Kwao walidhani ni vumbi la mkaa, wakawa wanamtia mtoto matone. Kasuku mwenyewe hakuwaambia kwamba alilitazama jua, na kesho yake alipanga kulitazama tena, muda mrefu zaidi, maana Zuhura hajaiona bado. Binti yangu akasema ukweli wote.

Mama yule hakupiga kelele. Alinitazama mimi, si mtoto. "Jicho la mwanangu lisipopona, dada, utauhama mtaa huu."

Daktari wa macho alisema jua limeunguza nyuma ya jicho, bila maumivu, ndiyo maana Kasuku anaona doa katikati ya kila anachotazama, na dawa yake ni kusubiri. Kwa miezi mitatu binti yangu alimsomea Kasuku kila kilichoandikwa ubaoni. Doa likafifia. Sasa Kasuku anasoma mistari yote ya chati ya daktari, isipokuwa wa chini kabisa. Zawadi aliirudisha mwenyewe.

Mwalimu akawaita wote wawili, akatoboa karatasi kwa pini, wakaligeuzia jua mgongo, na jua likaangukia karatasi nyingine, duara dogo. "Tunaanza kulielewa hili jua letu, nalo ni nyota, kwa usalama," alisema. "Bila hivyo, mwanga wa nyota ya mbali ukipungua, tusingejua maana yake."

Nami nilikuwa hodari wa kuona makosa ya nyumba ya muuza mkaa, na yangu sikuitazama. Basi wanangu, epukeni haya:

Kulitazama jua kwa macho, hata kwa miwani ya kawaida, hata kupitia chupa.
Kuchukua kazi ya mwenzako.
Kumdanganya mtu kwa jambo litakalomdhuru mwili.
Kuwaficha wazazi na daktari kilichokupata.
Na wewe mzazi, kumwambia mtoto anayelia amtafutie mtu siku yake.