Mkatili ni Baba au Mwana?

Foleni ya tiketi za sinema ilikuwa imejikunja hadi kwenye ngazi, watu wanasukumana kana kwamba wanagawiwa bure, ndipo fundi cherehani aliposikia kiatu cha mtu kikimkanyaga kisigino.

"Bwana wee, huo ni mguu, si zulia!"

"Samahani sana. Nimesukumwa."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, na sauti ya chini mno hata ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Fundi, ndani ya gauni la kijani alilolishona mwenyewe likamkaa kiunoni barabara, akamsogelea.

Filamu ilikuwa ya majambazi: baba anayetawala genge kwa ngumi na matusi, na mwanawe msomi, mtaratibu, anayerithi kiti chake. Walitoka wakibishana.

"Yule baba ni mnyama," kijana alisema. "Umeona alivyomvunja mtu vidole mbele ya wageni?"

"Alimwonya kwanza. Mwana je? Anamkumbatia rafiki yake, anamuuliza hali ya watoto, kumbe ameshamuuza. Huyo ndiye anayenitisha."

"Lakini hakuinua hata mkono!"

"Ndiyo maana."

Kijana akacheka, akaomba namba ya simu. Tangu hapo Fundi akamwita Mpole, na simu zikawa hazikauki.

"Fundi wangu, leo umeshona nini?"

"Mdomo wa mteja mmoja mwenye maneno mengi."

"Na wangu utaushona lini?"

"Wako bado nautumia, mpenzi."

Mpole alimwambia anasimamia majengo ya watu. Akawa anapita dukani jioni, anaketi kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, anakula pamoja na Fundi na shangazi yake, mjane aliyemlea Fundi katika chumba kile kile cha chini kilichojaa vitambaa. Shangazi alimpenda mpaka akawa anamwekea kipande cha nyama kilichonona.

Jioni moja, akiwa ameushika mkono wa Fundi, Mpole aliuliza, "Shangazi, hapa mna mkataba?"

"Mkataba gani, mwanangu? Mume wangu alipofariki, Mzee mwenye jengo alisimama pale mlangoni akasema, 'Kaa hapa mpaka uchoke mwenyewe.' Basi nimekaa."

Mpole akainamisha kichwa kwa heshima.

Mzee huyo mtaa mzima ulimwogopa. Alifoka, alitukana, mpangaji akichelewa kulipa alipiga mlango teke. Kwa hiyo siku alipoingia dukani bila kelele, akiegemea fimbo, mashine zote mbili zilinyamaza.

"Mama, mtahama. Jengo linavunjwa."

"Mzee, si ulinipa neno lako?"

"Nilikupa, na mwanangu nilimwambia hivyo. Lakini nimeshamkabidhi kila kitu. Ananiambia hamna karatasi, na neno la mdomo halina nguvu."

"Mwanao amejuaje hatuna karatasi?" Fundi aliuliza.

Mzee aliinua fimbo akaielekeza kwenye gari lililoegeshwa ng'ambo. Ndani yake, nyuma ya usukani, lilionekana shati jeupe.

Fundi alivuka barabara bila kutazama magari. Akagonga kioo. Kikashuka.

"Fundi, nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Ulijua lini kwamba duka letu liko kwenye jengo lenu?"

"Siku ya kwanza nilipokuja."

"Na lile swali la mkataba?"

Mpole alitazama chini. "Ile ilikuwa kazi tu."

"Ulikuwa umenishika mkono, Mpole. Baba yako tumemwogopa miaka yote, lakini kwa neno lake tulilala usingizi. Wewe umekula kwetu, umeitwa mwanangu. Kumbe siku ile ya sinema ulikuwa unajitetea, mimi nikadhani tunabishana juu ya filamu."

Mpole alimpigia simu siku hiyo, kesho yake, na siku zilizofuata. Mwishowe Fundi akapokea, kwa sababu sauti ile alikuwa akiitamani kuliko alivyotaka kukiri.

"Nataka nikuoe," Mpole alisema. "Nitawatafutia duka zuri kuliko hilo. Nakupenda, Fundi. Hapo sikudanganya."

"Najua hukudanganya. Ndicho kinachoniuma. Na jengo?"

"Jengo lazima livunjwe."

Alisema polepole, kwa upole ule ule aliomwitia 'Fundi wangu'. Fundi akakata simu, akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

Siku ya kuhama, gari la mizigo lilipokuwa karibu kujaa, ilibaki meza ya kukatia, nzito, ya mbao. Fundi alikuwa akihangaika nayo peke yake pale Mpole alipotokea, amekunja mikono ya shati. Hakuomba ruhusa, alishika upande wa pili. Walitoka nayo mlangoni, yeye akirudi nyuma, Fundi akimwelekeza: kushoto, shusha kidogo, kizingiti hicho. Wakaipandisha garini.

Walisimama wakihema, nyuso zimekaribiana. Jasho lilikuwa limemlowesha Mpole shati. Akafumbua mdomo kusema kitu.

"Asante, kaka," Fundi alimwambia kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Akapanda mbele kando ya Shangazi, akafunga mlango. Gari likaondoka. Shangazi alimwekea mkono gotini, na walipokata kona ndipo Fundi alipolia.