Hiki Kiatu cha Nani?

Soko lilikuwa limefurika. Dada mmoja, gauni lake la bluu limejaa madoa ya rangi ya viatu pindoni, alikuwa akichagua brashi alipomsikia mwanamume nyuma yake akimwambia muuzaji, "Nipe rangi nyeusi, ile ukipaka tu inang'aa."

Mkononi alishika viatu vya ngozi vilivyoota ukungu, vyeupe kama vimenyunyiziwa unga.

"Ukipaka rangi juu ya ukungu, ndugu yangu, ni sawa na kuoga na nguo," dada akasema. Hakuweza kujizuia.

Mwanamume akageuka. Shati limenyooka, kidevu kimenyolewa, ananukia spiriti. "Wewe nani, daktari wa viatu?"

"Navitengeneza nyumbani. Wananiita Fundi."

"Mimi kinyozi. Basi wewe chini, mimi juu."

"Na katikati?" muuzaji akadakia. Wakacheka wote, Fundi akiangalia chini.

Viatu vilikuwa vya kaka yake Kinyozi. Kaka huyo alikwenda kutafuta kazi mbali, akaondoka na raba, hivi akaviacha chini ya kitanda. Hakurudi. Hakupiga simu. "Hatuna hata kaburi la kupalilia," Kinyozi alisema. "Mama anavitunza. Kasafiri tangu mwezi jana; nataka vipendeze, nimshtukize akirudi."

Nyumbani kwake, Fundi alifuta ukungu kwa kitambaa chenye spiriti, akavianika kivulini vikiwa vimejazwa magazeti, kisha akavilisha mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. Kinyozi akitoka kazini lazima apite.

"Unavipapasa hivyo viatu kuliko mimi."

"Vyenyewe havina maneno mengi."

"Nikinyamaza je?"

"Jaribu tuone."

Akanyamaza, akamshika mkono wenye mafuta. Hakuuachia.

Ndani ya viatu, bitana ya kukanyagia ilikuwa imeoza, inanuka. Fundi akaibandua, akaitupa. Chini yake ngozi ilikuwa na mabonde mabonde. Akayaona kasoro. Akayafukia kwa gundi na vipande vya sponji, akabandika ngozi mpya, laini kama shavu la mtoto. Kinyozi akavichukua akipiga mluzi.

Asubuhi simu ikalia.

"Umefanya nini humo ndani?"

"Mpenzi, kwani..."

"Kumbe mama kila siku hutia mkono ndani ya kile kiatu! Sikujua, naapa. Leo amefika, ametia, akautoa, akaniuliza, 'Hiki kiatu cha nani?' Alama za vidole vya miguu ya mwanawe zilikuwa humo, Fundi. Hazipo!"

"Hukuniambia, roho yangu."

"Na wewe hukuuliza. Tusitafutane tena."

Simu ikakatika. Fundi akapiga, ikaita weee. Akapiga tena, imezimwa. Akatoka mbio na kandambili hadi jalalani, akafukua kwa mikono mitupu akiitafuta ile bitana. Taka za juzi zilishazolewa.

"Umepoteza dhahabu?" jirani akamuuliza.

Akapangusa mikono kwenye gauni. Alirudi, akakaa, akalia mpaka kichwa kikauma. Kazi za watu zikalala. Siku aliyojilazimisha kushika kiatu cha mteja, alitia mkono kukipangusa. Bitana haikuwepo, lakini vidole vyake viliingia kwenye vishimo vilivyochimbwa na vidole vya mvaaji kwenye ngozi ya chini. Yale mabonde. Hakuyatupa. Aliyafukia.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja Fundi alipoingia na nywele zake timutimu.

"Sina la kuongea na wewe."

"Usiongee. Chukua mashine ya kukaushia nywele, unipeleke kwa mama."

"Fundi, niache."

"Vidole vipo!"

Mashine ya kunyolea ikaanguka.

"Jamani," mteja akalalamika, "na hii nusu kichwa niipeleke wapi?"

Mama alikuwa amekaa kitini, kanga imemteleza begani, viatu mapajani, chai imepoa pembeni. Fundi akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Akaviachia viatu vichukuliwe, kama mtu asiye na chake tena.

"Hewa ya moto italainisha gundi," Fundi akanong'ona. "Shika mbali! Ngozi ikiungua itajikunja, tutakosa vyote."

"Hapa?"

"Hapo. Usitetemeke."

"Nani asitetemeke?"

Wakaanza na cha kulia. Gundi ikang'oka na ngozi ya chini, pakabaki pamechunika, hapana kitu. Kinyozi akauma midomo. Mama akafumba macho.

Kikabaki cha kushoto. Fundi akavuta kwa kucha, taratibu, jasho likimdondoka puani. Likatokea bonde la kisigino. Likatokea la kidole gumba. Kisha ya vidole vingine, moja moja. Akamwekea mama kiatu mapajani, akarudi kupiga magoti.

Mama akatia mkono. Kinyozi akazima mashine.

"Hiki kidole kidogo kimemlalia mwenzake," mama akasema, machozi yakimtiririka. "Nilimzaa hivi."

Akainua uso, akamtazama Fundi kwa mara ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu."