Redio ya Jikoni kwa Mama Ottilie

Redio yetu ilikaa juu ya kabati la mkate, jikoni. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya bei ya chini. Serikali ilitaka kila nyumba iwe nayo. Kwenye kitufe chake ilining'inia kadi: kusikiliza stesheni za nje ni kosa. Mama Ottilie, mama mkwe wangu, aliipangusa kila asubuhi. Ikisema, sote tulinyamaza kama tuko kanisani.

Majira ya baridi, wakati wa vita, redio ilipiga muziki wa huzuni. Kisha mtangazaji akasema jeshi letu lililokwenda kuiteka Stalingrad limepigana mpaka mtu wa mwisho. Wote wamekufa.

Lorenz, mume wangu, alikuwa huko.

Mama Ottilie akavaa nguo nyeusi. Akaomba misa ya wafu. Lorenz ni seremala. Mama akaanza kufunga randa na misumeno yake, ampe fundi mwingine.

"Mama, jeshini hawajatuletea habari," nilisema.

"Redio imesema, Afra. Unataka habari gani tena?"

Siku ya kufua, Bi Walburga wa ghorofa ya juu alinikuta nalia chumba cha kufulia.

"Mwite mkweo," alisema. Akafungua bomba mpaka mwisho. Maji yakapiga kelele.

Mama alikuja amekunja uso. "Maji yote hayo! Unaosha ng'ombe?"

"Sogea, Bi Ottilie, maji yafiche sauti. Redio yangu ni kama yako, ila nimeiungia waya mrefu mpaka kwenye bati la paa. Inakamata London. Wanasema maelfu wametekwa. Wako hai."

"Walburga! Utakatwa kichwa!"

"Basi usipige kelele, bado nakihitaji."

Mama alisogea karibu. "Na hao wa London si adui? Hawadanganyi?"

"Wanaweza. Ndiyo maana sisemi Lorenz yu hai. Sijui. Ila huyu mtangazaji wako anasema wote wamekufa. Nani aliwahesabu? Wafu hawasimulii walivyoshindwa, basi inamfaa yeye wawe wamekufa wote. Na kama anasema kweli, kwa nini anaogopa tumsikilize mwingine?"

Mama aligeuka kwenda mlangoni. Akasema, "Funga bomba. Unamaliza maji."

Alikwenda kwa padri. "Tungoje habari ya jeshini kwanza," alimwambia. Randa na misumeno vikarudi karakanani, mahali pake. Tangu hapo, redio ikisema, Mama aliacha kufuma na kuuliza taratibu: "Nani anasema? Amejuaje? Ameficha nini?"

Bi Walburga hakutaka shukrani. Aliihatarisha shingo yake kwa ajili yetu, kisha akaendelea kufua.

Vita viliisha. Miaka ikapita. Asubuhi moja mtu mwembamba aliingia karakanani.

"Nani amekuwa akiipaka mafuta randa yangu?" aliuliza.

Mama alikuwa akiipaka kila wiki. Alimkamata Lorenz mikono yote miwili.

Bi Walburga alichungulia ngazini. "Bi Ottilie! Nasikia karudi. Nani kasema?"

"Hajasema mtu," Mama alijibu huku analia. "Huyu nimemshika mwenyewe."