Jaza Kama ya Anifa

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Badria alikuwa ameshafungua duka la baba yake katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Duka lilikuwa dogo, nalo liliuza vitu vya mafundi cherehani: zipu, vifungo, lastiki, uzi na bitana. Badria alifagia, akanyunyiza maji mlangoni ili vumbi litulie, kisha akatundika zipu kwa rangi na urefu. Tangu amalize kidato cha nne, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliijua. Fundi akileta kipande cha zipu iliyokatika, Badria alimpa inayofanana nayo bila kupima.

Lakini Jumatatu hiyo alitundika zipu nyeusi kati ya nyekundu. Maombi ya vyuo yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na yeye alikuwa bado hajajaza.

Baba yake, Mzee Shomari, alishaamua: ugavi. Alisema kila ofisi inanunua vitu, kwa hiyo mtu aliyesomea kununua hawezi kukosa kazi. Badria alitaka filamu. Alilitaka jambo hilo tangu darasa la tano, alipokuwa akijifungia chumbani na kulia mbele ya kioo kama mjane, kisha akafuta machozi na kucheka kama tajiri. Kichwani mwake, kazi ya filamu ilikuwa ni kuigiza tu, na sura yake kwenye bango kubwa.

Aliwahi kulisema mara moja tu, wakati wa chakula. Baba aliweka kijiko chini. Filamu alizijua. Kabla ya zipu, duka lile liliuza CD za filamu, na mabango ya waigizaji yalijaa kuta zote. Halafu watu wakaanza kutazama kwenye simu. Haikupita miaka miwili akabaki na maboksi ambayo hata bure hayakutakiwa.

"Hao unaowaona kwenye mabango wamevaa miwani ya jua," alimwambia, "walikuwa wanakuja hapa kuniomba nauli ya kurudi Buguruni."

Tangu siku hiyo Badria hakulitaja tena neno filamu mbele yake. Mama yake, Bi Kuruthumu, ambaye huenda angemsaidia kusema, alikuwa Lindi akimuuguza bibi.

Saa nne Mzee Shomari alimtuma Badria akajaze maombi kwa Kasmir. Kasmir alikuwa na steshenari ndogo upande wa Gerezani: kompyuta moja, printa moja na benchi la wateja. Vijana wengi wa mitaa ile hawakuwa na kompyuta nyumbani, hivyo walimwachia Kasmir kila kitu. Yeye ndiye aliyewafungulia akaunti, ndiye aliyewatungia neno la siri, na ndiye aliyeliandika kwenye kaunta buku lake, daftari nene la kumbukumbu. Wengine hawakujua hata jinsi ya kuingia kwenye maombi yao wenyewe.

Kwenye foleni, mbele ya Badria alikuwa rafiki yake Anifa, ambaye alichagua maabara ya hospitali bila kusita. Zamu ya Badria ilipofika, Kasmir aliuliza anataka kozi gani.

Badria alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akisema ugavi, filamu imekufa hapo hapo. Akisema uigizaji, atarudi dukani na uso gani?

"Dada, watu wanasubiri," Kasmir alisema. "Mtandao ukikatika usinilaumu mimi."

"Jaza kama ya Anifa," alisema Badria.

Alijiambia kwamba atarudi kubadilisha akishatulia. Kasmir hakuuliza mara mbili. Aliandika, akabonyeza, akachapa karatasi na kumpa ikiwa imekunjwa. Badria aliitia kwenye mkoba bila kuisoma.

Dukani baba aliuliza kama ameshajaza. Akasema ameshajaza.

"Ugavi?"

"Ndiyo, baba."

Uongo huo ulikuwa wa maneno mawili tu.

Kufikia Jumanne jioni, Mzee Shomari alikuwa amewaambia majirani wa mtaa mzima, waumini wenzake msikitini, na mama huko Lindi kwa simu. Wafanyabiashara wa jirani wakaanza kumtania Badria. Muuza juisi wa ng'ambo ya barabara alipiga kelele kila Badria alipopita, "Afisa ugavi, leo hununui hata glasi moja?" Badria alicheka nao. Kisha akaifungua ile karatasi, akaisoma kwa mara ya kwanza. Stashahada ya Sayansi ya Maabara. Yeye, ambaye kuku akichinjwa hutoka nje ya ua.

Jumatano Anifa alipita dukani akiwa na furaha, akisema watapanga chumba kimoja huko chuoni. Badria alimvuta kando na kumweleza ukweli. Anifa alimshangaa.

"Si ukabadilishe? Dirisha la maombi bado liko wazi."

"Nibadilishe niweke nini?"

Hapo ndipo Badria alipogundua kwamba hofu yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Hakumwogopa baba peke yake. Aliogopa pia kwamba akiachiwa achague, hajui anachokitaka hasa ni nini.

Alhamisi asubuhi alikuja mteja wao wa siku nyingi, Leticia, dada wa miaka thelathini hivi anayeshughulikia mavazi ya waigizaji. Alinunua uzi, vifungo na pini, akalalamika kwamba msaidizi wake anaumwa na mizigo imemzidi. Mzee Shomari hakuwapenda watu wa filamu, lakini mteja ni mteja. Akamwambia Badria amsindikize na kumsaidia hadi mchana.

Walikuwa wakirekodi katika karakana ya magari Gerezani. Nje ya uzio walisimama vijana kama ishirini, wamevaa nguo zao nzuri, wakisubiri kuitwa kuigiza. Wengine walisimama pale tangu alfajiri. Badria aliwatazama akajiona yeye mwenyewe. Ndani, mwigizaji mkuu alikaa kwenye tairi kwa saa mbili akisubiri jua lisogee. Alipoitwa, alisema sentensi moja. Akairudia mara tisa. Kisha akarudi kwenye tairi.

Leticia hakukaa hata kidogo. Alipiga pasi, akashona, akachafua ovaroli kwa oili ili ionekane ya fundi wa kweli. Alikuwa amenunua ovaroli mbili za bluu, ili moja ikilowa jasho nyingine ivaliwe. Kabla ya adhuhuri mwigizaji alibadilisha ovaroli, akasimama mlangoni pa karakana kumalizia tukio lililoanza asubuhi. Mwongozaji, mtu mwembamba aitwaye Jovin, akainua mkono ili kamera ianze.

Badria aliona kitu, na aliogopa kukisema mbele ya watu wazima wote wale. Alimsogelea Leticia, akamnong'oneza kwamba zipu si ile. Ya asubuhi ilikuwa ya shaba, ya njano. Hii ni nyeupe.

Leticia akaomba wasimame. Jovin, kwa hasira, akarudisha picha za asubuhi kwenye skrini ndogo. Wote waliinama kutazama. Zipu ya njano iling'aa katikati ya kifua. Mtazamaji angeona fundi anaingia mlangoni na zipu ya njano na kutoka na nyeupe.

"Nani ameona?" Jovin aliuliza.

Leticia akamnyooshea Badria kidole. Jovin alimwangalia, akatikisa kichwa kukubali, akasema mwigizaji avue ovaroli hiyo, basi. Hakumsifu zaidi ya hapo. Ovaroli ya kwanza ilianikwa juani kwa nusu saa ikakauka, mwigizaji akaivaa, kazi ikaendelea.

Wakila wali na maharage kwenye kivuli cha lori bovu, Badria alimwambia Leticia yote: filamu, ugavi, Kasmir, maabara. Alimuuliza achague kozi gani ili awe mtu wa filamu.

"Umewaona wale pale nje?" Leticia alisema. "Kila siku wanakuja ishirini wa kuigiza. Wa mavazi niko peke yangu, na mimi nilisomea mambo ya hoteli. Nimejifunza kwa kuharibu nguo za watu. Mdogo wangu, usiniulize kozi ya kukufanya uonekane. Niulize kazi ipi ungeifanya hata kama hakuna anayekutazama."

Hakumficha mabaya ya kazi hiyo. Alisema filamu hazirekodiwi kila mwezi, na kwamba miezi mingine yeye hushona sare za shule ili apate kula. Anayetaka uhakika asije huku. Lakini kuna chuo chenye kozi ya ubunifu wa mavazi, na kama angekuwa na umri wa Badria, angeisoma hiyo.

Badria alirudi dukani akijua anachokitaka. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi.

Ijumaa asubuhi alijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza aliingia mteja. Mara ya pili simu ya baba iliita. Mara ya tatu hakukuwa na kizuizi chochote, ila yeye mwenyewe alinyamaza. Baba akavaa kanzu, akaenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Badria alibaki kwenye kiti akiitazama saa ya ukutani. Saa saba. Saa saba na nusu. Baba aliporudi, saa nane kasoro, Badria hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Baba, nilikudanganya. Sikujaza ugavi."

Mzee Shomari alivua kofia taratibu. "Umejaza filamu."

"Hapana, baba. Maabara ya hospitali."

"Maabara?" Baba alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. "Wewe na damu? Nani amechagua maabara?"

"Kaka Kasmir. Niliogopa kusema ugavi na niliogopa kusema filamu, nikamwambia ajaze kama ya Anifa."

Nje, muuza juisi alikuwa akigonga glasi zake. Badria alisubiri kofi au kelele. Havikuja, naye akamweleza mengine yote: ile ovaroli, zile saa mbili kwenye tairi, sare za shule, na kozi anayoitaka sasa. Hakuacha neno.

"Nimeshamwambia kila mtu msikitini," baba alisema hatimaye. Kisha akatazama saa, akachukua kufuli, na kufunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona.

Kwa Kasmir palikuwa pamejaa. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Kasmir alipekua kaunta buku lake lenye majina mamia, akaruka ukurasa, akarudi nyuma. Ilikuwa saa tisa na robo. Neno la siri lilipopatikana, ukurasa ulikataa kufunguka mara mbili. Mara ya tatu ukafunguka, saa tisa na nusu.

Kasmir aligeuka kwa Mzee Shomari. "Haya mzee, tujaze nini?"

"Mimi ndiye ninayekwenda chuo?" Mzee Shomari alisema. "Muulize mwenyewe."

Watu wote kwenye benchi walimtazama Badria.

"Ubunifu wa mavazi," alisema, na safari hii sauti ilitoka.

"Chaguo la pili?"

Badria alimwangalia baba yake. Baba alikuwa akitazama feni ya dari kana kwamba hajasikia.

"La pili ugavi," alisema Badria.

Alimwomba Kasmir ampishe, akasoma mstari kwa mstari mwenyewe, akabonyeza kutuma, akabadilisha neno la siri na kuweka lake. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Kisha akakaa kwenye benchi.

Walirudi kwa miguu, wakapita kituo cha mabasi ya mwendokasi. Karibu na duka, Mzee Shomari alisimama.

"Sijafurahi," alisema. "Nisije nikakudanganya na mimi. Bado naona ugavi ni bora. Lakini sikiliza, Badria. Ungeniambia Jumatatu, ningekasirika Jumatatu, na tungemaliza Jumatatu. Uliogopa hasira yangu ya siku moja, ukajitesa siku tano, na nusura uende kupima damu za watu maisha yako yote. Mtu akiogopa kusema anachotaka, wengine watamwamulia, hata mtu wa steshenari asiyemjua vizuri."

"Nisamehe, baba."

"Nimesamehe uongo. Mama yako nitakuachia umwambie mwenyewe." Alitoa funguo. "Na jambo la mwisho. Huko chuoni kukiwa kugumu, usije ukasema ni baba, wala Leticia, wala Kasmir. Hii umechagua wewe. Basi uisome kama mtu aliyechagua."

Akamkabidhi funguo, na Badria akafungua duka.