Jina Langu Mezani Kwako

Wiki ya kufungua shule, duka la fotokopi karibu na soko la Eldoret hujaa watu mpaka mlangoni. Sylvia Kavetsa, mhudumu wa hapo, sweta ya njano na hereni ndefu, alikuwa amechoka kunakili vyeti wakati karatasi moja ilipomsimamisha. Iliandikwa: Mchezaji akifika sifuri, amekufa.

"Wewe, hizi ni za nini?" akamuuliza kijana mrefu aliyekuwa akingoja. "Mbona watu wanakufa kila ukurasa?"

"Mbona unasoma karatasi za wateja?"

"Si zinapita mbele ya macho yangu? Ama nijifunge kitambaa?"

Kijana akacheka. Aliitwa Mulongo, mwalimu wa hesabu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. Akamweleza kwamba ni mchezo wa mezani: kila mtu anajifanya mtu mwingine, mmoja anasimulia hatari, na dadu inaamua. Vitabu vya siku hizi ni vitatu, vinene kama Biblia ya kanisani, na sheria zake zinakubembeleza usife. Yeye alikuwa akifufua kile cha zamani, kurasa arobaini tu, alizotafsiri mwenyewe kwa kalamu.

"Cha zamani hakibembelezi mtu," akasema. "Ndiyo maana unaogopa kweli kweli."

"Na ni nani anataka kuogopa?"

"Kuja Jumamosi uone."

Akaenda. Si mchezo uliompeleka, tusidanganyane. Walicheza mchana kwenye karakana ya seremala huko Yamumbi, kwa chai ya maziwa, na kila Sylvia alipofika nyumbani, Mulongo alimpigia simu.

"Umefika, malkia wa mapango?"

"Nimefika. Lakini bado naogopa lile zimwi lako."

"Uwe unaogopea karibu na mimi, basi."

Kosa walilifanya wote wawili siku ya kwanza. Wenzao walijiita majina ya kubuni. Sylvia akajiita Kavetsa. Hilo lilikuwa jina la shangazi yake aliyekufa akiwa msichana, naye alipewa ili lisipotee. Mulongo, Mluhya kama yeye, alijua majina ya marehemu hayachezewi. Aliona jinsi linavyomfurahisha, akanyamaza.

Jumamosi ya sita, zimwi likamrukia Kavetsa mdomoni mwa pango. Mulongo akashika dadu. Wiki iliyotangulia alikuwa ameifunika kwa kiganja, akataja namba nyingine na kumwokoa Mbuthia, seremala mwenye karakana, na wenzake walishuku. Leo akairusha wazi, wasije wakasema anampendelea mpenzi wake.

"Kavetsa amekufa," akatangaza, akaichana karatasi yenye jina hilo kama ilivyokuwa desturi ya meza ile.

Jumatatu asubuhi bodaboda ikamgonga Sylvia akivuka barabara ya Langas, mkono wake wa kushoto ukavunjika.

Hofu ikaingia nyumbani kwao Langas ikakaa. Mama yake aliomba mpaka sauti ikakauka. Sylvia hakuthubutu tena kuvuka barabara. Na Mulongo, mtu wa hesabu anayecheka ushirikina, akawa anakagua kufuli la mlango wake mara tatu huku akijiuliza kama amemletea mwenzake kifo kwa mdomo wake. Alipiga simu siku nne kabla haijashikwa.

"Sylvia, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Mbuthia ulimwokoa."

"Ilikuwa tu dadu..."

"Si ni wewe uliishika! Ukataja jina la shangazi yangu, ukasema amekufa, ukachana. Aki Mulongo, hukutetemeka hata kidogo?"

Simu ikakatwa.

Jumapili baada ya kanisa Mulongo alifika kwao Langas. Mama Sylvia hakumwonyesha kiti.

"Kijana, umekuja na hicho kitabu?"

"Nimekuja nacho, Mama. Nakala zake zote zimo humu ndani. Kama kinamtisha, kichome."

Mama akakichukua, akaelekea kwenye jiko la makaa. Ilikuwa kazi ya miaka miwili, lakini Mulongo hakunyanyua mkono.

"Mama, ngoja," Sylvia akasema. "Si kitabu kilichoniumiza."

"Ni nani basi?"

"Ni huyu. Aliogopa watu watasema ananipenda."

Mulongo akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mama. Niliogopa midomo ya watu, na nilijua jina ni la marehemu. Sasa pikipiki ikilia tu, moyo unaruka."

Mama akamrudishia kitabu. "Hilo jina lisiwahi kutajwa tena kwenye mchezo wenu. Sylvia, msindikize mgeni."

Steji ya matatu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Sylvia akafika ukingoni, miguu ikakataa. Pikipiki zilipita zikivuma.

"Jumapili ijayo nitaleta wazee wangu kutoka Chepsaita," Mulongo akasema. "Nataka kukuoa, na watu waseme wanavyotaka."

"Kwanza nivushe. Naogopa, Mulongo."

"Hata mimi naogopa."

Sylvia akampa mkono wake mzima. "Usiniachie katikati."

"Sikuachii."

"Na kurudi je?"

"Nitakurudisha mpaka mlangoni."

Wakaingia barabarani wameshikana mikono, na Langas yote ikiwatazama.